LinkedIn, WhatsApp, X au kikao cha Jumapili: pa kujenga mahusiano ya kazi na ya jamii nchini Uganda

Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta shule mjini Mbarara, dereva wa lori anayesubiri karatasi zake zitoke Malaba, na kijana wa Ntinda anayetengeneza tovuti, wote watatu hupewa ushauri ule ule: ingieni mitandaoni mjulikane. Ushauri huo si wa kutupwa, lakini haumwambii hata mmoja wao aingie mtandao upi, akishaingia afanye nini, na kwa nini jirani yao ambaye hata barua pepe hana anaitwa kazini kila mara na watu wa kikundi chake cha kuzikana. Hapa ninalinganisha njia nne ambazo mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Uganda anaweza kuzitumia leo hii: LinkedIn, vikundi vya WhatsApp, X, na vikundi vya kukutana ana kwa ana, kuanzia vile vya kuweka na kukopa hadi klabu za Rotary. Facebook na TikTok nitazigusa kwa ufupi tu, na sababu nitaitaja.

Anayekupa kazi anakupimaje?

Kabla ya kuchagua mtandao, mtu ajiulize kwanza yule anayetarajia kumpa kazi au biashara humpima kwa kitu gani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu wengi aliowachunguza walisikia habari za kazi kutoka kwa watu waliofahamiana nao kwa mbali kuliko kutoka kwa marafiki wa karibu, kwa kuwa rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa mbali anatoka penye watu wengine na habari nyingine. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2022, ulichapishwa utafiti uliohusu watumiaji wapatao milioni 20 wa LinkedIn, nao uliunga mkono jambo hilo, ila ukaongeza mawili ambayo washauri wetu husahau kuyasema. La kwanza ni kwamba anayesaidia zaidi ni mtu mnayefahamiana kiasi, wala si mgeni kabisa. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba watu wa mbali husaidia zaidi katika sekta zinazotegemea sana teknolojia ya kidijitali, na katika sekta nyinginezo watu wa karibu ndio wanaofaa zaidi.

Nchini kwetu tofauti hiyo haihitaji utafiti ili ionekane. Mtengenezaji wa tovuti hupimwa kwa kazi ambayo mteja aliyeko Kigali au Nairobi anaweza kuifungua na kuikagua akiwa kwake, asihitaji kujua kijana huyo ni mtoto wa nani. Dereva anayekabidhiwa shehena, mwalimu anayekabidhiwa watoto, wakala wa forodha anayekabidhiwa fedha za ushuru za mtu mwingine, hao hupimwa kwa kuuliziwa. Mwenye mali anapiga simu kwa watu wawili watatu: “Unamfahamu huyu? Ukinihakikishia, nampa.” Tumezoea kuishi kwa wadhamini, kupanga nyumba au kuomba kazi ya ulinzi mara nyingi huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mwenyekiti husita kumwandikia mtu asiyemwona kwenye mikutano ya kijiji. Kwa hiyo kigezo changu kikuu katika ulinganisho huu si wingi wa wafuasi. Ninauliza kama njia husika inakuonyesha kwa watu wasiokujua, au inakupa watu wa kukudhamini. Ni nadra njia moja kuyafanya yote mawili vizuri, na watu wengi wanaokata tamaa na mitandao ni wale walioitaka njia moja iwafanyie kazi ya nyingine.

LinkedIn: kutafutika na watu usiowajua

Kati ya mitandao hii, LinkedIn, iliyofunguliwa mwaka 2003, ndiyo pekee iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mambo ya kazi. Ubora wake mkubwa ni kwamba unaweza kutafutwa ukiwa umelala. Ofisa wa ajira wa shirika lililoko Kampala akiandika kwa Kiingereza kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili, mtandao utampa majina, na jina lako litakuwamo au halitakuwamo kutegemea ulichokiandika mwenyewe juu ya ukurasa wako. Hapa ndipo wengi wanapojinyima riziki. Mstari wa kwanza chini ya jina, ambao husomwa kabla ya kitu kingine chochote, utaukuta umeandikwa “Kijana mchapakazi anayetafuta nafasi”. Hakuna mtu anayetafuta “kijana mchapakazi”. Linganisha na huu: “Mwalimu wa Kiswahili, kidato cha kwanza hadi cha nne; mkalimani wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza; Mbarara na Isingiro.” Mstari wa pili una maneno matano au sita ambayo mtu mwenye shida halisi anaweza kuyaandika akitafuta, na unataja mahali, jambo ambalo kwa mwajiri wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, lina maana kubwa, kwani hataki mkalimani wa kumlipia usafiri kutoka Kampala kila Jumatatu.

Soko la Kiswahili chenyewe limepanuka. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu anayekijua vizuri Kiswahili pamoja na Kiingereza ana bidhaa ya kuonyesha. Ninashauri muhtasari uandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha wanayotumia waajiri wanaotafuta watu humo, kisha ifuate aya moja ya Kiswahili safi ambayo yenyewe ni sampuli ya kazi. Mfasiri asiyeonyesha hata sentensi moja ya lugha anayodai kuifasiri ananishangaza.

Kuomba kuunganishwa nako kuna adabu yake. Mwaliko usio na neno lolote hupuuzwa kirahisi, na mwaliko unaoomba kazi kabla ya salamu hupuuzwa haraka zaidi. Ujumbe wa namna hii hujibiwa: “Habari za kazi, Bwana Mratibu. Tulikaa meza moja kwenye mafunzo ya wakalimani. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu posho ya safari. Bado nafanya ukalimani wa Kiswahili na Kinyarwanda, nami ningefurahi tuunganishwe hapa.” Umemkumbusha mlikokutana, umesema unachofanya, na hujamwomba kitu. Huyo sasa ni mmoja wa wale watu mnaofahamiana kiasi ambao utafiti wa 2022 uliwazungumzia.

Upungufu wa LinkedIn pia usifichwe. Mwenye ghala la Kikuubo, mwenye duka la vipuri Kisenyi na mkuu wa shule ndogo ya binafsi wilayani huenda hawajawahi kuufungua mtandao huo, na hata wakiufungua, hawatamwajiri mtu kwa sababu ya alichoandika huko. Sifa zinazoandikwa humo na wenzako zina uzito kwa shirika la kimataifa, lakini hazina uzito kwa mtu anayekukabidhi funguo. Tena matapeli wa ajira wamejaa humo kama walivyojaa kwingine. Tangazo lolote linalodai ulipe “ada ya usajili” au “ada ya vipimo” kabla ya usaili liachwe, na la kazi za Uarabuni lisikubaliwe kabla ya kuhakikisha kwamba kampuni husika ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

WhatsApp: kitabu cha sifa za watu

WhatsApp inaonekana nyepesi kwa kuwa tumeizoea, na ndiyo maana wengi hawaihesabu kuwa ni mahali pa kujenga kazi. Mimi nadhani kwa Waganda walio wengi ndiyo mtandao wa kikazi wenye nguvu kuliko yote. Kuna kikundi cha kijiji, cha waliosoma pamoja, cha wazazi wa darasa la mtoto, cha SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), cha stendi ya boda, cha mawakala wa mpakani, cha maandalizi ya harusi ambacho kilipaswa kufungwa baada ya sherehe na bado kipo. Hakuna aliyejiunga na vikundi hivyo ili atafute kazi, na hapo ndipo panapotoka nguvu yake: watu humwona mtu alivyo anapokuwa hajifanyii matangazo.

Tazama jinsi mchango wa msiba unavyokusanywa. Mmoja anaandika kichwa cha habari na namba ya kupokelea pesa kwa simu, kisha orodha inaanza:

1. Hajati wa kona – 20,000 ✅
2. Afande – 50,000 ahadi
3. Mwalimu – 10,000 ✅
4.

Kila anayechangia huinakili orodha, huongeza mstari wake na kuirudisha kikundini, na ahadi isiyotiwa alama hubaki wazi mbele ya wote hadi siku ya maziko na hata baada yake. Orodha ya namna hii ni kitabu cha hesabu cha uaminifu. Humwonyesha anayelipa mapema kidogo alicho nacho, anayetaja kiasi kikubwa na kutoweka, na yule aliyejitolea kuzihesabu fedha na kuleta mchanganuo wa shilingi kwa shilingi jioni ile ile. Mwenye duka anayetafuta mtu wa kumwachia fedha za mauzo huzisoma orodha hizo kwa makini kuliko atakavyowahi kuusoma wasifu wowote. Sisemi mtu achange ili aonekane. Ninasema kwamba anaonekana, apende asipende.

Tukiiweka WhatsApp bega kwa bega na LinkedIn, tofauti ya kwanza ni muda. Ulichoandika LinkedIn kinakaa na kutafutika mwaka ujao. Ulichoandika kikundini huzama chini ya salamu za asubuhi, picha za maua na video zilizosambazwa mara nyingi, na aliyejiunga jana kwa kawaida hana habari ya yaliyosemwa juzi. Kwa hiyo tangazo la kazi yako kikundini lirudiwe kwa kiasi, labda mara moja kwa mwezi, likiwa fupi na lenye bei au eneo, na liwekwe kwa ruhusa ya msimamizi. Tofauti ya pili ni lugha. LinkedIn humpendelea anayeandika Kiingereza vizuri, ilhali WhatsApp inapatikana kwa Kiswahili kwenye simu na inakubali ujumbe wa sauti, hivyo mama anayeuza samaki Busia na ambaye kuandika kunamchosha anaweza kueleza bei za leo kwa sekunde ishirini na akaeleweka pande zote mbili za mpaka. Tofauti ya tatu ni faragha, na hapa WhatsApp ndiyo inayoshindwa. Kikundi kinaweza kuwa na watu hadi 1,024, na namba yako huonekana kwa wote hao, wakiwemo wale usiowajua wala kuwataka. Katika mipangilio ya faragha chagua kwamba ni watu walio kwenye orodha yako ya namba tu wanaoweza kukuingiza kikundini, na ukiwa msimamizi kumbuka kwamba Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kuchukua namba za kikundi kizima na kumpa muuza viwanja si jambo la utani.

Anayetaka kutangaza bei kwa watu wengi bila kuonyesha namba za wateja wake afungue chaneli badala ya kikundi, kwa maana wafuasi wa chaneli hawaonani. Lakini chaneli haijengi udugu, kwani anayezungumza ni mmoja tu.

Gharama nayo ipo. Kati ya Julai 2018 na Juni 2021 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ilipoondolewa ilikuja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Mwenye vikundi thelathini vinavyojipakulia video zenyewe anaunguza bando lake kwa vichekesho vya watu. Zima upakuaji wa moja kwa moja, nyamazisha vikundi visivyo vya lazima, na ukiweza toka katika vingine, ingawa najua kutoka kikundi cha ukoo huchukuliwa kama kutoka kwenye ukoo wenyewe. Hicho kinyamazishe tu ukae.

X: sauti ya jamii, si daftari la wateja

X, tuliyoijua kama Twitter hadi Julai 2023, ina watu wachache kuliko WhatsApp, lakini wanaosoma humo ni waandishi wa habari, mawakili, wanaharakati, watu wa teknolojia na maofisa wa mawasiliano wa serikali. Taasisi kama URA (mamlaka ya mapato) na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) zina akaunti humo na huwajibu wananchi mbele ya kadamnasi, jambo ambalo mara nyingine huharakisha majibu kuliko foleni ya ofisini. Mfano mkubwa ulitokea Aprili 2023, mchoraji katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo alipowaalika watu kuonyesha picha za mashimo ya barabara za Kampala. Mashimo yalimiminika kwa mamia, mengine yakipambwa kwa dhihaka, na baada ya siku chache Rais Museveni akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Watu wengi walioweka picha hizo hawakujuana, na hakuna kikundi cha WhatsApp ambacho kingeweza kuwakusanya hivyo, kwa sababu kikundi kina ukuta na X haina.

Kukosa ukuta ndiko pia kunakoifanya iwe hatari. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyorekebishwa 2022, imewafikisha watu mahakamani kwa machapisho ya mitandaoni, na mwajiri anayekuchunguza leo anaweza kusoma ulivyomtukana mtu miaka sita iliyopita. Kwa mwandishi, mtafiti, mwanasheria au mtu anayebeba hoja ya jamii, X inastahili muda. Kwa fundi seremala wa Mbale sioni itampa nini ambacho picha za meza zake kwenye hali (status) ya WhatsApp hazimpi.

Facebook na TikTok kwa ufupi

Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na mitandao mingine iliporejeshwa mwezi uliofuata, yenyewe ikabaki imezuiwa kwa miaka. Wengi waliendelea kuitumia kwa VPN, programu ya kuukwepa uzuiaji, lakini mimi simshauri mtu ajenge jina la biashara yake juu ya mlango ambao mteja anaufungua kwa ufunguo wa pembeni. Hilo halifuti iliyoyafanya zamani: shirika la hisani la 40 Days Over 40 Smiles lilianzia mwaka 2012 kwa mwito ambao Esther Kalenzi aliuweka Facebook akiwaomba marafiki wachangie watoto wakati wa Kwaresima. TikTok inamfaa anayeuza kitu kinachoonekana, kama nguo, mapishi, nywele au samani, na anayeweza kukaa mbele ya kamera bila aibu. Wateja inaleta, wadhamini hailei.

Kukutana ana kwa ana

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na vijana, na ndiyo ninayoipa uzito zaidi. Chukua kikundi cha kawaida cha kuweka na kukopa, cha mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao leo umeenea Uganda. Watu wapatao kumi na watano hadi thelathini hukutana siku ile ile kila wiki, chini ya mwembe au sebuleni kwa mmoja wao. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, hivyo halifunguki mpaka wote watatu wafike. Kila mwanachama anaitwa, ananunua hisa zake, kitabu chake kinagongwa mhuri mbele ya macho ya wote; aliyechelewa analipa faini, aliyekopa anaulizwa. Baada ya mzunguko wa takriban mwaka mmoja fedha hugawanywa. Ukikaa humo mzunguko mmoja, watu ishirini na tano wanajua kwa uhakika kama unashika ahadi, na kila mmoja wao ana ndugu, mwajiri na wateja wake. Hao ndio wanaoulizwa pale mwenye mali anapopiga simu.

SACCO ni kubwa zaidi, imesajiliwa na ina ofisi. Inakupa mkopo mkubwa lakini ukaribu mdogo, maana wanachama mia nane hawawezi kujuana. Mara nyingi hujengwa juu ya kazi moja, na hata ya wanajeshi wa UPDF inaitwa Wazalendo, jina la Kiswahili kama lugha ya kambini yenyewe. Vikundi vya kuzikana, vile vya munno mukabi huko Buganda na engozi kwa watu wa Ankole na Kigezi, vina kiingilio kidogo kuliko vyote na huwachanganya tajiri na maskini kwenye benchi moja, jambo ambalo hakuna mtandao wa kijamii uliowahi kulifanya vizuri. Mgeni mjini anayezungumza Kiswahili na ambaye Kiganda chake bado kinasuasua asiogope. Kubeba viti na kuchota maji hakuhitaji sarufi.

Rotary, mtandao wa dunia wa klabu za wanataaluma na wafanyabiashara wanaoihudumia jamii, ni ngazi nyingine. Klabu ya Rotary ya Kampala ilianzishwa mwaka 1957, na mwanachama wake Sam Owori alichaguliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia nzima kwa mwaka 2018/19, ingawa alifariki Julai 2017 kabla ya kuingia madarakani. Unaingia kwa kualikwa, unakutana na watu wa taaluma mbalimbali, na mnafanya kazi pamoja, kama zile mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya. Ni mahali pazuri kwa mhasibu, daktari, mwanasheria au mwenye kampuni. Gharama zake, yaani ada, chakula cha mikutano na michango ya miradi, ziulizwe kabla ya kuapishwa, kwa sababu kujiunga na kisha kukwepa mikutano kwa kukosa fedha kunakuharibia jina kuliko kutokujiunga. Kijana aanze na Rotaract, tawi la vijana la Rotary, iliyo wazi kuanzia umri wa miaka 18 na yenye vilabu vyuoni, ambako gharama kwa kawaida ni ndogo na wenzake ndio watakaokuwa mameneja baada ya miaka kumi.

Kuna faida moja zaidi ya kukutana uso kwa uso ambayo hukumbukwa tu inapochelewa. Mwaka 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa wakati wa uchaguzi, na Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Kikundi chenye daftari la namba za simu na siku maalumu ya kukutana kiliendelea na shughuli zake. Kilichokuwa WhatsApp pekee kilinyamaza.

Nani achague nini

Mwalimu wa Kiswahili na mkalimani nawashauri waoanishe LinkedIn na kikundi cha WhatsApp cha walimu au wakalimani wenzao, kwa sababu waajiri wao ni wa aina mbili: mashirika yanayotafuta majina, na wakuu wa shule wanaoulizana. Wasifu uandikwe mara moja kwa uangalifu, urekebishwe kila baada ya kazi mpya, na muda uliobaki wote uende kwenye kikundi, hasa kuwapelekea wenzao kazi ambazo wao wenyewe hawakuweza kuzichukua. Hakuna kinachorudisha fadhila upesi kama kazi uliyompisha mwenzako.

Mfanyabiashara wa Busia, Mutukula au Mpondwe aanze na chama cha wafanyabiashara wa mpakani hapo hapo alipo, ajuane na wakala mmoja wa forodha ambaye wenzake wanamthibitisha, kisha atumie WhatsApp kushika wateja. LinkedIn aiache kwa sasa. Dereva na fundi vivyo hivyo: kikundi cha kuweka na kukopa kwanza, hali ya WhatsApp yenye picha za kazi pili, na basi. Mtengenezaji wa tovuti au mhasibu anayetaka wateja wa nje afanye kinyume chake, LinkedIn na X zikitangulia, ila asipuuze Rotaract, kwa kuwa mteja wake wa kwanza anayelipa kwa wakati ana uwezekano mkubwa wa kutoka humo.

Na mtu aliyefika karibuni, tuseme kutoka Bukavu, Kongo, akiwa Nakivale au Kampala, atafute kwanza kanisa, msikiti au kikundi cha watu wanaozungumza lugha yake, ashiriki miezi michache kabla ya kuomba chochote, na usiku mmoja aazime kompyuta atengeneze wasifu wa LinkedIn unaotaja lugha zake zote. Zaidi ya hayo ailinde namba yake ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na ikipotea hupotea na vikundi vyote vilivyofungamana nayo. Ikibidi kuibadilisha, atumie kipengele cha WhatsApp cha kubadilisha namba kabla laini ya zamani haijafungwa, kisha awapigie simu mmoja mmoja wale aliowaandika kuwa wadhamini wake, kwa sababu mwajiri atawapigia wao kabla ya kumpigia yeye.